Mjadala: Mtu akichekesha bila kujua, anadai ujira au hadai?

Mleta mada, Tanga

Wadau, heshima kwenu. Naomba tujadili jambo ambalo kwetu nyumbani limeshagawa familia. Mtu akiwachekesha watu pasipo yeye mwenyewe kujua, na mwingine akapata pesa kwa kicheko hicho, aliyechekesha anadai chochote?

Naanzia kwenye filamu, maana ndiyo iliyonipa maneno ya kusema. Charlie Chaplin, mchekeshaji Mwingereza aliyefanya kazi Hollywood, alitoa The Circus (Sarakasi) Januari 1928, filamu isiyo na sauti, wakati Hollywood ndiyo kwanza inaonja filamu za kuongea. Mzururaji, mhusika anayeigizwa na Chaplin mwenyewe, yule wa kofia ya duara na fimbo, anatangatanga na njaa kwenye viwanja vya maonesho. Njaa yenyewe tunaoneshwa hivi: baba kambeba mtoto begani, mtoto ana mkate mkononi, na Mzururaji anaumega mkate huo kwa meno huku akimchekea mtoto. Kibaka anayekimbizwa anamtumbukizia pochi ya wizi mfukoni. Polisi wanamdhania yeye ndiye mwizi. Anakimbia, anapotelea kwenye chumba cha vioo, anajigeuza sanamu ya mashine kwa dakika chache, na mwisho anaangukia ndani ya hema la sarakasi ambalo siku hiyo limepooza kabisa. Waliokuwa wanasinzia wanaangua kicheko. Wanadhani ni sehemu ya onesho. Yeye anakimbia pingu.

Kesho yake mmiliki wa sarakasi anamwita na kumwamuru achekeshe. Hawezi. Anapewa mchezo wa kulengwa tufaha kichwani, anapewa mchezo wa kinyozi, yote anaiharibu, anafukuzwa. Baadaye wabeba vifaa wanaondoka kwa sababu hawajalipwa malimbikizo yao, naye anaokotwa kuziba pengo. Anaingia uwanjani na mrundo wa sahani, punda anamkimbiza, sahani zinakwenda chini, hema zima linalipuka kwa kicheko. Hapo mmiliki anatoa agizo ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu: huyu ndiye anayetujazia hema, ila mwenyewe hajui; mpeni kazi nyingi, abaki mbeba vifaa.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia filamu yoyote. Sababu ni mjomba wangu. Anauza samaki sokoni. Mwaka jana siku ya mvua aliteleza na beseni, samaki wakamwagika, akawa anawaokoa mmoja mmoja huku wengine wakimponyoka, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Kijana mmoja alirekodi. Video ikazunguka, na baada ya wiki chache biashara moja, sitaitaja, ikaitumia kutangaza bidhaa yake. Mjomba alikuwa hajui lolote. Aliona tu watu asiowafahamu wanamcheka stendi na kumwita kwa jina jipya.

Msimamo wangu ni huu: mjomba anadai. Karibuni tupingane.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Dada, pole kwa ya mjomba. Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani kwa miaka tisa, hii ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba, kwa hiyo nitasema ninachokiamini hata kama kitakuudhi.

Yule mmiliki ni katili, hilo halina ubishi. Anampiga binti yake wa kambo, anamnyima chakula akikosea kuruka akiwa juu ya farasi. Lakini katika jambo moja anajua kazi: mtu yule akiambiwa, kicheko kinakufa. Filamu yenyewe inathibitisha. Akiamriwa asubuhi achekeshe, hakuna kitu. Baadaye akishajua yeye ndiye nyota na moyo wake ukavunjika kwa sababu binti kampenda Rex, yule mtembea kwenye kamba, watazamaji wanamtazama kwa uso mkavu. Sasa niambie, unamlipaje mtu kwa kitu ambacho kinatoweka pale tu unapomwambia anacho?

Pili, kuanguka si kuchekesha. Watu wanaanguka kila siku kwenye matope na hakuna anayejua. Aliyerekodi ndiye aliyeona, akachagua aanzie wapi na akate wapi. Mpishi si kuni.

Na tatu, hii ndiyo hoja yangu nzito. Unaitumia The Circus kama shahidi wa mtu asiyejua, wakati filamu nzima imetengenezwa na mtu aliyejua kuliko wote. Sehemu ya kizimba cha simba ilirudiwa zaidi ya mara 200. Kutembea kwenye kamba alijifunza kweli, wiki kwa wiki. Mei 1929, katika sherehe ya kwanza ya tuzo za Academy, hizi tunazoziita Oscar, alipewa tuzo maalumu kwa kuigiza, kuandika, kuongoza na kutayarisha filamu hiyo, kazi nne za mtu mmoja. Mzururaji hakujua, lakini Chaplin alijua kila sahani itaangukia wapi. Ujira wa kicheko unakwenda kwa anayejua.

Kwa ya mjomba, nakubali kitu kimoja: aliyerekodi angemuomba ruhusa baadaye. Wamarekani walifanya hivyo kwenye Candid Camera, kipindi cha televisheni cha Allen Funt, tangu 1948. Walikurekodi kwa siri, lakini kabla ya kurusha walikuonesha kamera na kukuomba saini. Ruhusa, sawa. Ujira, hapana.

Mchangiaji, Mombasa

Nataka kuongeza upande wa sheria kwa ufupi, maana naona mnazunguka.

Huku Kenya Katiba ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha ya mtu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka wa 2023 kilabu kimoja cha Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Nanyi Tanzania mna sheria yenu ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu ni taarifa yake.

Kwa hivyo ndugu mleta mada, mjomba ana njia. Lakini uangalie vizuri, sheria hizi zinauliza: je, alikubali? Haziulizi: je, alichekesha kiasi gani? Hayo ni maswali mawili, na katika mada yako umeyafunga furushi moja.

Mleta mada, Tanga

Ahsante, Mombasa. Ni kweli nimeyafunga pamoja, na nitajaribu kuyafungua.

Kwanza nimjibu kaka wa Dar. Mpishi si kuni, nimekuelewa. Lakini kuni nazo zina bei. Hakuna mpishi anayekwenda kuzichukua uani kwa jirani usiku halafu akasema utamu umetoka mkononi mwake.

Pili, unasema ujira ni wa anayejua. Chaplin mwenyewe alianza upande gani? Katika kitabu cha maisha yake cha 1964 anasimulia kwamba akiwa na umri wa miaka mitano, Aldershot huko Uingereza, mama yake Hannah alikatika sauti jukwaani, watu wakazomea, ikabidi mtoto apandishwe aimbe badala yake. Katikati ya wimbo wakaanza kumrushia sarafu. Mtoto akasimama, akatangaza kwamba ataokota pesa kwanza ndipo aendelee kuimba. Ukumbi ukacheka. Msimamizi wa jukwaa akaja na kitambaa kumsaidia kuokota, mtoto akadhani anataka kumdhulumu, akamfuata nyuma kwa wasiwasi mpaka ahakikishe pesa zimefika kwa mama. Wakacheka zaidi. Mtoto yule hakuwa anachekesha. Alikuwa analinda ujira wa mama yake, na ndicho kilichowachekesha.

Tazameni basi mtoto huyo alivyokua. Kampuni ya filamu ya Keystone walimchukua kwa dola 150 kwa wiki. Mwisho wa 1914, baada ya kuwatengenezea filamu zaidi ya thelathini ndani ya mwaka mmoja, aliomba dola 1,000. Mack Sennett, mwenye kampuni, akamwambia hata yeye hapati kiasi hicho. Chaplin anasema alimjibu kwamba watu hawapangi foleni kwa jina la Sennett. Akaenda kampuni nyingine, Essanay, kwa dola 1,250 kwa wiki. Mwaka 1916 Mutual wakampa 10,000 kwa wiki, na juu yake 150,000 za kutia saini. Mwaka 1919 akaanzisha kampuni ya United Artists pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith ili asiwe na mmiliki juu yake kabisa.

Mtu mwenye historia hiyo ndiye aliyemwandika yule mmiliki wa sarakasi. Sidhani aliyaokota maneno ya "hajui, mpeni kazi nyingi" hewani. Alijua mshahara wa mtu hushikiliwa chini kwa njia gani: si kwa kumwambia hana thamani, bali kwa kuhakikisha hakai karibu na kasha la tiketi.

Mchangiaji, Morogoro

Nasoma na kunyamaza tangu asubuhi, ila sasa naomba kusema. Mnamfanya Chaplin mwalimu wa haki. Mimi nakataa.

Wakati anatengeneza filamu hii kuhusu msichana anayenyanyaswa na mwanamume mwenye madaraka juu yake, nyumbani kwake palikuwa na msichana pia. Lita Grey alianza kuonekana kwenye filamu zake akiwa na miaka 12. Novemba 1924 wakafunga ndoa Mexico, yeye ana miaka 16, bwana ana 35. Ndoa ilipovunjika mwishoni mwa 1926 kazi ya The Circus ilisimama karibu miezi minane. Wanaoipenda filamu husimulia misukosuko yake kama mateso ya msanii: dhoruba iliangusha hema, studio ikaungua, mikanda ya mwanzo ya filamu hiyo ikaharibika maabara, halafu "na talaka ikaja." Talaka inatajwa kwenye orodha moja na moto na upepo. Yule binti si upepo.

Na kuna kitu kinahusu mada hii moja kwa moja. Nakala za mashtaka ya talaka zilichapwa na kuuzwa mitaani. Watu walinunua mambo ya chumbani ya binti wa miaka 18 na mumewe, wakasoma na kucheka. Nani alilipwa? Wachapaji. Ukitaka mfano wa kicheko kilichouzwa bila mwenyewe kukubali, uko hapo, nje ya hema.

Kwamba Lita alipata zaidi ya dola 600,000 mahakamani hakubadilishi hoja yangu. Zile hazikuwa pesa za kicheko.

Mchangiaji, Arusha

Punda, simba na wale nyani wanaomvamia Mzururaji juu ya kamba hawakuulizwa na hawakulipwa. Kama hoja ni "hakujua," basi wao ndio wa kwanza. Sitaki kuvuruga mada, lakini mimi filamu za sarakasi zenye wanyama siwaoneshi wanangu tena.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Morogoro, nimesoma mara mbili. Sina jibu, na ile ya "si upepo" itanikaa.

Dada wa Tanga, ya kuni nimeikubali. Sasa nipe bei. Mjomba apewe nini? Asilimia? Ya nini? Kijana aliyerekodi huenda hakupata hata elfu kumi, waliopata ni waliotangaza. Na kesho mimi nikisimama jukwaani nikasimulia jinsi kondakta wa daladala alivyogombana na abiria kuhusu chenji, kondakta naye anadai? Maana ile ni sauti yake, ni maneno yake, nimeyabeba kama yalivyo. Nusu ya ninayosema jukwaani nimeyaokota kwa watu wasiojua. Ukinifungia mlango huo mimi sina kazi, na hao wanaonilipa kiingilio hawatakuwa na mahali pa kujiona.

Mleta mada, Tanga

Hili ni swali la haki, kaka, na sitalikwepa.

Kondakta wako umempitisha kwenye mwili wako. Umemsoma, ukajaribu, ukakosea, ukarudia. Akija kukutazama hatajiona yeye, atawaona makondakta wote. Kazi hiyo ni yako. Mjomba hakupitishwa popote. Ni uso wake, mgongo wake, shati lake lililochanika kwapani. Hakuna aliyemwigiza.

Bei siijui, na sidhani kazi yetu hapa ni kupiga hesabu. Ninachojua ni mahali mstari unapopita. Video ikizunguka kwa watu wanaotumiana wacheke, naumia lakini nanyamaza. Soko lina macho, na mtu akianguka hadharani ameonekana. Siku mtu anapoibandika juu ya bidhaa yake ili auze, siku hiyo alipaswa kumtafuta mjomba. Na alikuwa anajua pa kumpata, kwa sababu nembo ya soko inaonekana nyuma.

Mmiliki wa sarakasi hakuiba kicheko. Kicheko kilikuwa cha watazamaji, walikuja nacho tumboni. Alichoiba ni habari. Alikaa na habari ambayo ingebadilisha maisha ya mtu, akaificha kwa sababu kuificha kulikuwa na faida. Kwangu dhuluma ilianzia hapo, hata kabla hatujafika kwenye dola.

Mchangiaji, Unguja

Wanangu, salaam. Mimi ni mtu mzima, nimesomesha miaka mingi, na filamu hiyo naijua. Naomba mruhusu nitazame mahali ambapo hamjatazama.

Binti ndiye anayemwambia Mzururaji. Yule yule anayenyimwa chakula, ambaye asubuhi ya kwanza alimlia mkate wake kwa njaa kisha wakagawana. Hakuna mwingine katika sarakasi nzima aliyemwambia, na wote walikuwa wanajua. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa hana faida na kunyamaza.

Na Mzururaji akishajua, anakwenda kwa mmiliki na kusema nini kwanza? Anasema, ukimpiga tena binti huyu, naondoka. Halafu ndipo anasema, na nataka nilipwe ninachostahili. Kwa mpango huo. Ujira anautaka, tena anaudai vibaya, hesabu haijui: anatajiwa sitini, anakataa, anaambiwa ataongezewa mara mbili, naye anashikilia kwamba hapokei chini ya mia. Lakini la kwanza lilikuwa heshima, na haikuwa hata heshima yake.

Kuna kisa kingine katika hicho kitabu chake. Alipokuwa mdogo London, kondoo mmoja alitoroka njiani akipelekwa machinjioni. Watu wakawa wanamkimbiza, wanaanguka, wanajikwaa, mtaa mzima unacheka, na yeye mtoto akacheka nao. Kondoo akakamatwa akarudishwa. Hapo mtoto akazinduka, akakimbia kwa mama yake analia: watamuua. Anasema pengine kazi yake yote ilitokea siku hiyo. Mimi nikisikia habari ya mjomba na samaki zake namwona kondoo yule. Beseni moja la samaki kwa muuzaji mdogo ni mtaji. Walichokicheka ni mtu anayepoteza mtaji wake wa siku.

Sasa nikuulize wewe mleta mada, na usinichukie. Umeandika mengi na umeyaandika vizuri. Mwanasheria kasema, mchekeshaji kasema, mimi bibi yako nimesema. Mjomba mwenyewe umemuuliza? Maana isije ikawa na sisi tunamjadili bila yeye kujua.

Mleta mada, Tanga

Shikamoo bibi. Swali lako limenichukua siku mbili kulijibu, ndiyo maana nilipotea.

Nilikuwa sijamuuliza. Nilikuwa nimemwambia kwamba video ipo na inatangaza biashara, akasema "mwachie Mungu," nikadhani hilo ndilo jibu. Sikuwa nimemwonesha. Familia nzima tumeiona, yeye pekee hakuwahi kuiona, kwa sababu simu yake ni ya kubonyeza.

Jana jioni nilikwenda kwake na kompyuta ya mpakato. Nilianza na filamu kwanza, nikimtafsiria yale maandishi machache. Mjomba alicheka sana, kwa chumba cha vioo hasa. Kwa sahani na punda alicheka mpaka akajifuta macho. Ilipofika pale mmiliki anatoa agizo lake, nikamtafsiria: hajui kwamba yeye ndiye, msimwambie. Akanyamaza. Tulitazama hadi mwisho, magari ya sarakasi yanaondoka, Mzururaji kabaki peke yake amekaa katikati ya ile alama ya duara kwenye vumbi. Anakunjakunja karatasi yenye nyota, anaipiga teke, anakwenda zake. Mjomba akauliza, "Huyu walimlipa?" Nikasema alifukuzwa.

Ndipo nikamwekea yake. Aliitazama mara tatu. Mara ya kwanza hakusema kitu. Mara ya pili alihesabu samaki walioponyoka, kwa sauti, wanane. Mara ya tatu alicheka, kidogo, pale alipomshika changu mkiani akamponyoka kwa mara ya pili.

Nikamwuliza, mjomba, unataka nini? Nimuone mwanasheria? Unataka walipe?

Akasema beseni lilipasuka, wangelipa beseni na samaki wanane lingekuwa jambo jema. Kisha akalitazama lile shati kwenye kioo, lililochanika kwapani, akasema, "Wangeniambia tu. Ningevaa shati safi, nikaanguka tena."